Miaka ya njia ya misafara ya Tabora yapimwa kwa namba tasa

MWANAFUNZI aliye katika chumba cha mtihani bila kikokotoo anaweza kutambua haraka kama namba kubwa inagawanyika au la. Miaka ya njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, yafaa kwa zoezi hilo.

Burton na Speke walifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, mwaka 1857. Jumla ya tarakimu zake ni 21, nayo hugawanyika kwa 3. Hivyo 1857 ni 3 mara 619.

Mwaka 1884, alipofariki Mtemi Mirambo, una mtego. Unagawanyika kwa 2 na kwa 3, kwa hiyo kwa 6 pia. Unagawanyika kwa 2 na kwa 4, lakini kwa 8 haugawanyiki, na hapo ndipo wengi huteleza. Namba 2 na 3 ni tasa, kila moja inajitegemea. 4 tayari imeibeba 2 ndani yake.

Mgumu zaidi ni 1871, mwaka ambao vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilimlazimu Stanley kuzungukia kusini kabla ya kumkuta Livingstone Ujiji. Kwa 2, 3 na 5 jibu ni hapana mara moja. Kwa 7, tarakimu ya mwisho huzidishwa kwa 2 na kutolewa katika zilizobaki: 187 kutoa 2 ni 185, tena 18 kutoa 10 ni 8. Haigawanyiki.

Kanuni hiyo si kiinimacho. Katika hatua ya kwanza, 21 imetolewa katika 1871, ikabaki 1850, kisha sifuri ikaachwa. Kwa kuwa 21 ni 3 mara 7, na 10 haina 7 ndani yake, jibu halibadiliki.

Kwa 11, tarakimu hujumlishwa kwa kurukana: 1 na 7 ni 8, 8 na 1 ni 9. Tofauti ni 1, hivyo haigawanyiki. Kuanzia 13 hadi 43 hutosha kugawanya kwa kawaida. Hakuna haja ya kufika 47, maana 47 mara 47 ni 2209. Kigawo kikubwa kingekuwa na mwenzake mdogo aliyekwisha kuonekana. Zote zinaacha baki. 1871 ni namba tasa.

Mwaka 1872, Livingstone alipokuwa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wapagazi, ni 13 mara 144. Mwaka 1873, alipofariki katika Zambia ya leo, ni tasa tena. Namba tasa zinazopishana kwa 2 huitwa pacha, jambo la ajabu kwa namba zilizopewa jina la wasiozaa. Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kuwa jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho. Kuhusu pacha wenyewe, bado hakuna aliyethibitisha.