Je, Wajua? Barua ya Kuacha Kazi Haimwokoi Bosi

Je, wajua kwamba mtu aliyejiuzulu kwa kufanyiwa vitimbi aweza kuhesabiwa na mahakama kuwa amefukuzwa? Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza hivyo mwaka 2015: mwajiri akivunja mkataba vibaya kiasi cha mfanyakazi kukosa budi ila kuondoka, aliyevunja kazi ni mwajiri, ijapokuwa barua ina sahihi ya mfanyakazi. Msimamizi anayemnyang'anya mtu majukumu yake, akamtukana mbele ya wenzake na kumpangia zamu mbaya makusudi, akingoja achoke aandike barua mwenyewe, asidhani amejikinga.

Lakini kuthibitisha ni juu ya mfanyakazi, na kukawia kwamdhuru. Ukivumilia miezi na miezi bila neno, mahakama yaweza kusema umeridhia. Ndiyo maana nasisitiza: lalamika kwa maandishi, tia tarehe, weka nakala nyumbani.

Na kushushwa cheo? Mpishi wa Kisauni anayefanya kazi katika hoteli ya ufukweni hawezi kuamka Jumatatu akaambiwa sasa ni mwosha vyombo, kwa mshahara mdogo, basi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chataka mabadiliko ya namna hiyo yajadiliwe naye, kisha ajulishwe kwa maandishi. Uhaba wa watalii hauifuti sheria hiyo.

"Mimi sina mkataba wa karatasi." Haidhuru. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri asitoe mkataba ulioandikwa, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai. Hata kibarua wa Changamwe anayelipwa kwa siku ana ngome yake: akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kifungu cha 37 humhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi.

Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma wakidai ujira bora. Kiongozi wao, Chege Kibachia wa African Workers' Federation, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, Baringo. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kulalamika. Leo kumshtaki mwajiri, au kujiunga na chama cha wafanyakazi, si sababu halali ya kumfukuza mtu, na haki ya kutendewa vyema kazini imo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi husikiza kesi hapa hapa Mombasa. Wa Likoni ni kuvuka feri tu. Tangu 2018, wanaolipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi waweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo. Aliyefukuzwa ana miezi 3 ya kulalamika kwa afisa wa leba, na miaka 3 ya kufungua kesi. Akishinda, fidia ya kufukuzwa isivyo haki yaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Na hata mkiachana kwa ugomvi, ukiwa ulifanya kazi wiki 4 mfululizo, cheti cha utumishi ni haki yako. Mwajiri anayekunyima kwa makusudi anatenda kosa la jinai.