Nyusi za wino: namna ya kuzitoa bila lazeri, na dawa za kukataa

Mu miji yetu ya migoti, Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, kuko wanamuke wanaopenda kuchorwa nyusi kwa sindano na wino. Wengine wanaita tatuaje, wengine wanasema nyusi za kudumu. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Kisha saa moja ao mbili mama anatoka saluni na nyusi nyeusi, zimepangwa sawasawa. Asubuhi hakuna tena kutafuta krayoni. Anawa uso, jasho linatoka, nyusi ziko paka pale.

Shida inaanzia hapo hapo: nyusi haziondoki. Kama mukono wa muchoraji ulitetemeka, upande moja unapanda kuliko mwingine. Kama wino ulikuwa mubaya, ao uliingia chini sana, rangi inaweza kugeuka buluu ao nyekundu. Na namna ya kujipamba nayo inapita. Nyusi nene za mwaka huu, kisha miaka tano watoto wanazicheka.

Sasa mama anataka kuzitoa. Anasikia habari ya lazeri, mashine ya mwangaza inayovunja wino chini ya ngozi. Lakini mashine ile inaomba munganga wa ngozi, safari, falanga mingi, na kurudi mara kwa mara. Ndiyo juu ya nini wengi wanauliza: hakuna njia ingine? Njia ziko. Zingine zinasaidia kidogo kidogo, zingine ni uongo wa kuuza chupa, na zingine zinaunguza uso. Leo tunapenda kuzitenganisha, juu mutu hana uso wa kubadilisha.

Wino unakaa wapi?

Ngozi ya mutu iko na tabaka mbili za kujua. Tabaka ya juu ni nyembamba. Kila siku inakufa kidogo na kuanguka, na kisha karibu mwezi moja yote imekuwa mpya. Wino ungekaa pale, ungeondoka wenyewe. Lakini sindano inauweka chini, mu tabaka ya pili, milimeta moja ao mbili toka juu, pale kwenye damu na mishipa midogo.

Mwili unaona wino sawa uchafu. Unatuma walinzi wake, chembe ndogo zinazomeza vitu vya kigeni. Chembe zile zinameza wino lakini haziwezi kuusaga, basi zinabaki nao tumboni. Mwaka 2018 wataalamu wa Marseille, kule Ufaransa, walionyesha kwa panya mambo ya ajabu: chembe yenye wino ikikufa, wino unatoka, na chembe ingine mpya inaumeza palepale. Ni sawa ekipe mu mugoti. Ekipe ya usiku inatoka, ya asubuhi inaingia, na muzigo unabaki mahali pake.

Watu wa migoti wanajua jambo hili kwa njia ingine. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Ubelgiji na Uingereza walizeeka na alama za buluu kwa mikono na kwa uso. Hakuna aliyewachora. Jiwe liliwakata, vumbi ya makaa ikaingia mu kidonda, ngozi ikafunga juu yake. Hata kwetu ukipata kidonda mu mugoti, ukiacha vumbi ndani, alama inaweza kubaki maisha yote. Kwa hiyo osha kidonda siku ile ile, kwa maji safi na sabuni, mbele ngozi haijafunga, na kama vumbi imeingia sana, nenda dispensere waisugue vizuri. Ikisha kufunga, ni sawa nyusi za wino: kuitoa ni kazi ingine kabisa.

Dawa za kukataa

Ya kwanza ni mafuta ya kupaka yanayosemwa yanafuta tatuaje. Tufikiri pamoja. Mafuta yanakaa juu, wino uko chini. Kama mafuta ni laini, hayafiki. Kama yako na nguvu ya kufika, lazima yachome kwanza ngozi iliyo juu ya wino. Hakuna mafuta yanayopita mu ngozi kwa heshima, yakachukua wino tu na kutoka nao.

Ya pili ni mafuta ya kujichubua. Mama mwingine anajisemea: yanang'arisha ngozi, basi yatang'arisha na wino. Sivyo. Yanapunguza rangi ambayo ngozi inatengeneza yenyewe, lakini wino si rangi ya ngozi. Uso unakuwa mweupe pembeni, na nyusi zinaonekana nyeusi kuliko mbele. Tena mingi kati ya mafuta yale iko na idrokinoni, na mengine zebaki, ambayo inaharibu figo.

Ya tatu ni vitu vya nyumbani: ndimu, dawa ya meno, maji ya javele, chumvi ya kusugua na jiwe ao burashi. Kusugua chumvi ni jambo la zamani sana. Aetius, munganga wa Wagiriki wa karne ya 6, aliliandika. Na kweli, mutu akisugua mpaka ngozi ya juu inatoka yote na damu inaonekana, wino kidogo utatoka. Lakini kidonda kile ni sawa kidonda cha moto, na kinaacha kovu kubwa kuliko nyusi.

Ya ine ndiyo inatutia woga zaidi: asidi. Kwetu asidi haiko mbali. Iko mu batri ya gari, iko mu fabrike. Kila mutu wa Likasi anajua kazi yake: wanamwaga asidi juu ya mawe yaliyosagwa, inayeyusha shaba, kisha umeme unaitoa shaba mu maji yale. Lakini wafanyakazi wa fabrike wanajua pia kwamba asidi haichagui. Mawe yakiwa na dolomi mingi, asidi inakula dolomi na kuisha bure. Na kwa uso ni hivyo hivyo. Haitatafuta wino na kuacha nyama. Itakula ngozi, itakula mizizi ya nywele za nyusi, na tone moja likiteremuka na jasho mu jicho, mama anaweza kupoteza macho. Batata, kama chupa ya asidi iko nyumbani, iondoeni. Na kama ajali imetokea, oshani jicho ao ngozi kwa maji safi mengi, yanayotiririka, dakika 20 ao zaidi, kisha lupitalo mbio. Musipake mafuta, musipake dawa ya meno.

Njia zenye kusaidia

Njia ya kwanza ni kungoja, na haiombi hata falanga moja. Nyusi zilizochorwa leo ni nyeusi kuliko zitakavyokuwa. Gaga likianguka, na kisha majuma ine mpaka sita, rangi inapunguka sana. Wanamuke wengi wanaolia siku ya tatu, mwezi wa pili wamezoea. Kwa hiyo musikate shauri mbele ya majuma sita. Na kama kazi ilifanywa kwa wembe mwembamba unaochora sawa nywele moja moja, wino kwa kawaida hauingii sana, na wakati mwingi unaendelea kufifia mwaka kwa mwaka.

Njia ya pili ni maji ya chumvi kwa sindano. Hii si ile ya kusugua. Mutu mwenye kufundishwa anapita tena juu ya nyusi na sindano safi, lakini badala ya wino anaweka maji yenye chumvi mingi. Chumvi inavuta maji ya ndani kuja juu, na wino kidogo unapanda pamoja nayo mpaka mu gaga. Gaga likianguka lenyewe, linaondoka na wino ule. Mukilibandua kwa ukucha, munajifanyia kovu. Kisha munangoja karibu miezi mbili mbele ya kurudia. Mara moja haitoshi, na hata mara tano haiahidi kwamba zote zitatoka. Inaweza kuacha nyusi nyepesi ambazo poda inafunika, na kwa watu wengi hiyo inatosha.

Njia ya tatu ni asidi za munganga, zile za kipimo, ao mashine ya kusaga ngozi ya juu. Zamani, mwaka 1888, munganga Mufaransa Variot aliandika namna ya kuchoma tatuaje kwa tanini na nitrati ya feza. Mpaka leo wanganga wa ngozi wako na asidi zao. Tofauti na asidi ya batri si jina tu. Ni nguvu iliyopimwa, ni dakika zilizohesabiwa, ni mukono unaojua wapi kusimama. Hata hivyo kovu na mabaka yanaweza kubaki, na karibu na jicho hakuna nafasi ya kujaribu.

Njia ya ine ni kisu. Kama wino ulitoka nje ya nyusi, tuseme musitari mwembamba juu ya nyusi za kweli, munganga wa upasuaji anaweza kukata ile ngozi kidogo na kushona. Inabaki alama ya uzi, lakini wino umekwenda wote mara moja. Kwa tatuaje ndogo, ndiyo njia yenye hakika kuliko zote.

Jambo moja kwa ngozi yetu

Ngozi nyeusi inajibu kidonda kwa nguvu. Kuko watu ambao kovu lao linavimba na kukua kuliko kidonda chenyewe: ndiyo keloidi. Kama uko nayo kwa sikio pale ulipotoboa, ao kwa kifua, ao mama yako anayo, useme mbele ya mutu yeyote hajagusa uso wako. Tena kila kidonda kinaweza kuacha baka jeusi ao jeupe ambalo linachukua miezi mingi. Jikinge na jua wakati ule, kwa kofia ao kitambaa.

Na wenye kufikiri kwamba lazeri ingemaliza yote, wajue: wino wa nyusi mara mingi uko na kutu ya chuma ao rangi nyeupe ya titani ndani. Lazeri ikizigusa, zinaweza kugeuka nyeusi zaidi. Ndiyo juu ya nini munganga mwenye akili anajaribu kwanza mahali padogo. Na ndiyo juu ya nini musikubali shauri la saluni la kufunika nyusi kwa wino wa rangi ya ngozi. Ni wino juu ya wino, mara mingi na titani ile ile, na kesho shida ni mbili.

Sindano na damu

Iwe kuchora, iwe kutoa, sindano inagusa damu. Sindano iliyotumiwa kwa mutu mwingine inaweza kuleta hepatiti B, hepatiti C na sida. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, glavu ziwe mpya, wino umwagwe mu kikombe kidogo cha mutu moja. Wakikataa, simama uende. Na kama kisha siku chache uso unavimba, unatoa usaha, unachoma sawa moto, ao homa inapanda, musingojee: ni lupitalo. Vivimbe vigumu vinavyobaki juu ya wino, navyo munganga avione.

Nyumbani

Tunamalizia na ninyi, batata. Bwana akirudi toka mugoti na kucheka nyusi za bibi yake kila jioni, bibi atatafuta chupa yoyote ya kuziondoa haraka, na haraka ndiyo inaunguza. Mwambie angoje. Mukae pamoja, muhesabu falanga, mumutafute munganga wa ngozi ao wa upasuaji mu lupitalo kubwa, mumuonyeshe mbele ya kununua kitu chochote. Wakati wa kungoja, poda ya rangi ya uso, mesh za mbele ao kitambaa vinaficha vizuri.

Na binti ambaye hajachorwa bado, tunamuomba jambo dogo: achore nyusi zile kwa krayoni, kila asubuhi, mwezi muzima. Kama siku ya 30 bado anazipenda, atakuwa amejua vizuri anachotaka. Kama amechoka nazo, maji na sabuni vitamaliza shauri.