Super Mario Sunshine: Gemu iliyogawanya mashabiki wa Mario, na kwa nini bado naitetea

Ukiwa na marafiki wanaopenda Mario na unataka kuwaona wakirushiana maneno, wewe taja tu Super Mario Sunshine. Mmoja atakwambia hajawahi kucheza gemu tamu kama hiyo. Mwingine atakwambia ni gemu ya kuosha kuta, na kama shida ni kuosha angebaki nyumbani amsaidie mamake.

Mimi niko upande wa huyo wa kwanza. Ila wa pili naye hajakosea sana, ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Sunshine ilitoka Japani mnamo Julai 2002, ikafika Marekani Agosti na Ulaya Oktoba mwaka huo huo. Ilitengenezewa GameCube, kile kisanduku cha Nintendo chenye mpini nyuma kama kikapu cha sokoni. Hapa kwetu si wengi waliokiona. Wengi tulikulia vibandani mtaani, PlayStation moja, unalipa kwa mechi, na nyuma yako wasee kumi wanaomba ufungwe haraka wapate zamu. Mimi niliipata kwa bahati: binamu yangu alirudi kutoka Uingereza na GameCube ya mkono wa pili, pedi moja na diski mbili. Diski moja ilikuwa ya mbio za magari. Nyingine ndiyo hii.

Ili uelewe kelele zote hizi, kumbuka ilikuja baada ya nini. Super Mario 64 ya mwaka 1996 ndiyo iliyowaonyesha watengenezaji wengi jinsi mhusika anavyoweza kukimbia na kuruka katika ulimwengu wa pande tatu. Baada ya hapo mashabiki wakangoja miaka sita. Walitarajia ngome nyingine yenye michoro ya ukutani ya kuingilia, mlima wa theluji huku, jangwa kule, moto chini. Badala yake wakaletewa Mario mwenye shati la mikono mifupi, na mgongoni amebeba pampu ya maji inayoongea.

Naam, pampu inaongea. Inaitwa FLUDD, na iliundwa na Profesa E. Gadd, yule mzee wa Luigi's Mansion.

Hadithi yenyewe ni ya ajabu kwa gemu ya Mario. Anaenda likizo na Princess Peach kwenye kisiwa cha Isle Delfino. Ndege inatua, uwanja umejaa tope la rangi, na kabla hata hajafungua sanduku anakamatwa na polisi. Kuna mtu anayefanana naye aliyepaka kisiwa chote uchafu. Kesi inasikilizwa fasta kuliko kesi yoyote unayoijua, Peach anapinga, hakimu anamtupilia mbali, na hukumu inatoka: utasafisha kisiwa chote, na huondoki mpaka umalize. Ni kama kile kifungo cha nje ambacho mahakama zetu humpa mtu akafyeke nyasi na kuzoa taka, tofauti ni kwamba huyu hakufanya kosa lolote.

Hapo ndipo Sunshine iliponishika. Katika gemu nyingi za kurukaruka wewe ni mpita njia. Unaruka, unaokota, unasonga, na nyuma yako hakuna kinachobadilika. Hapa umepewa kazi, na kazi inaonekana. Ukuta ulikuwa mweusi, sasa ni mweupe. Mkazi alikuwa amezama topeni akilia, umemmwagia maji, ametoka anakushukuru. Huko Noki Bay maji ya ghuba nzima yana sumu, na ukifuata chanzo chake unafika chini kabisa, unakuta mkunga mkubwa kama basi aliyeoza meno. Unamsugua meno kwa pampu, jino moja baada ya jingine, pumzi ikikuishia. Ni karaha, na inabamba kweli.

Na maji yenyewe si pambo. Pedi ya GameCube ilikuwa na vitufe vya nyuma vinavyohisi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Ukibonyeza nusu, Mario anakimbia huku akimwaga maji. Ukibonyeza mpaka mwisho, anasimama na kulenga. Ukibadilisha mtindo wa pampu, maji yanashuka chini na kumshikilia hewani kwa sekunde chache, kiasi cha kurekebisha mruko ulioharibika. Baada ya siku mbili tatu vidole vinaelewa vyenyewe: unamwaga maji chini, unajitupa kifudifudi, unateleza mtaa mzima kama mtoto kwenye sakafu yenye sabuni. Sijawahi kucheza gemu nyingine ambapo kutembea tu kutoka hapa mpaka pale ni starehe namna hiyo.

Wapinzani husema hiyo pampu ni ya kubembeleza, kwamba inakusamehe ukikosea. Basi watengenezaji walikuwa na jibu. Kuna sehemu za siri ambapo yule Mario bandia anakunyang'anya FLUDD mlangoni, unabaki na miguu yako tu. Mbao zinazunguka, matofali yanayeyuka, chini hakuna sakafu, na muziki wa Mario wa zamani unaimbwa kwa midomo bila ala. Kwa maoni yangu hizo ni miongoni mwa levo bora kuwahi kuwekwa kwenye gemu yoyote ya Mario. Pia zimevunja urafiki mwingi kati ya mtu na pedi yake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mabaya, maana shabiki anayesifu kila kitu hasikizwi.

Sarafu za bluu ni kero. Ziko 240, zimefichwa nyuma ya kuta, ndani ya michoro, juu ya paa, na kila kumi unazibadilisha dukani upate Shine moja, zile jua ndogo unazokusanya. Hesabu mwenyewe: Shine 24 kati ya 120 za gemu nzima zinatokana na kukagua kuta. Mchezo haukwambii vizuri zilizobaki ziko wapi. Hiyo ni njia ya kurefusha gemu iliyokuwa na levo saba kubwa tu.

Halafu kuna ile ya jani la yungiyungi. Ili uifikie, lazima umbebe Yoshi kwa kubadilisha boti moja hadi nyingine, boti zinazokwenda polepole kama foleni ya Thika Road saa kumi na mbili jioni. Yoshi akigusa maji tu, kwisha. Ukifika, unakanyaga jani linaloyeyuka juu ya mto wa sumu na kuokota sarafu nane nyekundu. Ukiikosa moja, mto haurudi nyuma. Na ile mashine ya pachinko iliyofichwa mjini hapo hapo, inayokurusha inavyotaka yenyewe? Aliyeipitisha bila majaribio hakuwa binadamu.

Kosa kubwa kwangu, ingawa watu hulitaja kidogo, ni mlango wa mwisho. Kwenye Super Mario 64 unachagua nyota unazozipenda, ukitimiza idadi unasonga. Kwenye Sunshine ni lazima umfukuze Mario bandia katika kipindi cha saba cha kila levo, zote saba. Unaweza kuwa na Shine kibao na bado mlango umefungwa. Kwa gemu inayojidai kukupa kisiwa utembee utakavyo, hiyo ni kufungiwa geti. Na ukishapita geti hilo unamkuta Bowser ndani ya beseni kubwa la kuogea, anaongea Kiingereza kwa sauti ambayo wengi wangependa kuisahau.

Hata hivyo, wahakiki wa wakati ule hawakuichukia. Wastani wake kwenye Metacritic ni 92 kwa 100. Ni mashabiki waliogawanyika, na wamezidi kugawanyika kadiri miaka inavyosonga. Wengine wanaikataa Sunshine halafu wanaiabudu Super Mario Galaxy ya mwaka 2007, bila kujua kwamba Yoshiaki Koizumi, mmoja wa wakurugenzi wawili wa Sunshine, ndiye aliyeiongoza Galaxy. Hata Bowser Jr., yule mtoto mtukutu aliye karibu kila gemu ya Mario siku hizi, alizaliwa hapa. Ndiye yule Mario bandia mwenye brashi.

Lakini kitu ambacho Galaxy haikuchukua ndicho ninachokililia. Isle Delfino ni mahali pamoja. Kisiwa kina umbo la pomboo, na levo zake si dunia tofauti zilizotupwa ovyo. Ni bandari, ufuo, bustani ya michezo, hoteli, kijiji cha mlimani. Ukisimama mahali pa juu unaona ng'ambo ya maji sehemu nyingine ulizowahi kupita. Wakazi ni wale wale, wananung'unika vile vile, na kadiri unavyorudisha Shine ndivyo jua linavyorudi mjini. Wanaolalamika kwamba hakuna theluji wala jangwa hawajakosea, hakuna. Ila Galaxy ilinipa sayari nyingi mno na sikumbuki jina la hata nne. Delfino naweza kukuchorea ramani yake sasa hivi.

Nintendo wenyewe walichukua miaka karibu 19 kulirudia wazo hilo. Bowser's Fury, iliyotoka Februari 2021, ina ziwa moja, hakuna kuingia na kutoka levo, Bowser amejaa lami nyeusi, na Bowser Jr. anarudi na brashi yake, safari hii akiomba msaada. Hata vile unavyokusanya vinaitwa Cat Shine. Aliyecheza Sunshine alitabasamu.

Sasa hili ndilo linaloniudhi kuliko sarafu zote za bluu. Septemba 2020, Nintendo walitoa Super Mario 3D All-Stars kwa Switch, wakiweka pamoja 64, Sunshine na Galaxy. Mtu asiye na GameCube angeweza kuicheza kihalali bila kutafuta mashine ya zamani. Switch haina vile vitufe vya kuhisi nguvu, kwa hiyo kukimbia ukimwaga maji na kusimama ukilenga viligawiwa vitufe viwili. Si sawa, lakini tukazoea. Kisha Machi 31, 2021 wakaitoa sokoni. Miezi sita na siku kadhaa, basi. Si kwamba haikununuliwa. Walikuwa wametangaza tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo.

Matokeo yake ni kwamba vijana wengi wanaobishana kuhusu Sunshine leo wanabishana kuhusu video walizotazama. Wameona mtu akifa mara ishirini kwenye jani la yungiyungi, wakacheka, wakahitimisha kwamba gemu ni mbovu. Kuteleza kwa maji hakuonekani kwenye video. Lazima kidole chako kiwe kwenye kitufe.

Kwa hiyo ukipata nafasi, iwe kwa rafiki mwenye ile kaseti ya Switch au kwa mtu aliyehifadhi GameCube yake, fanya hivi. Sarafu za bluu ziache kabisa. Yoshi na boti zake, pita mbali. Anza Bianco Hills polepole, ujifunze kuteleza. Nenda Sirena Beach ujioni, uingie ile hoteli yenye mizuka, ambapo njia ya kufika chumba cha pili inapita darini mwa chumba cha kwanza. Na huko Gelato Beach, yule ndege wa mchanga akikupaisha angani, jua kwamba atalala ubavu. Hamia mbavuni mwake mapema, usingoje.