Upungufu wa Damu: Kipimo Kwanza, Chai Baadaye

Mahamri na mbaazi za nazi ni kiamshakinywa cha nyumba nyingi za Bondeni. Mbaazi zina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini chai inayonywewa pamoja nazo ina tanini, inayoyashika madini hayo tumboni na kuyazuia kuingia mwilini. Kwa mama mjamzito ambaye damu yake tayari iko chini, hasara hiyo ya kila siku si ndogo.

Upungufu wa damu ni hali ya kushuka kwa himoglobini, protini iliyo ndani ya seli nyekundu inayosafirisha oksijeni kutoka mapafuni. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na upungufu himoglobini ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke, na 11 kwa mjamzito.

Dalili zake ni uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida wakati wa kupanda ngazi, na weupe wa viganja, ulimi na ndani ya kope. Wengi hudhani ni joto au kazi nyingi. Hamu ya kula udongo nayo huweza kuwa ishara, na udongo wenyewe huweza kubeba mayai ya minyoo.

Hatari kubwa huwa siku ya kujifungua. Kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama nchini Kenya, na mama anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kumkinga. Mtoto naye huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo.

Ukosefu wa chuma si chanzo pekee. Malaria huharibu seli nyekundu, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na hedhi nzito huimaliza taratibu. Pia kuna ugonjwa wa selimundu, unaorithiwa na unaopatikana sana Pwani. Mwenye selimundu hapaswi kutumia tembe za chuma bila ushauri wa daktari. Ndiyo maana kipimo hutangulia dawa.

Mjamzito anashauriwa kuanza kliniki ndani ya miezi 3 ya kwanza. Huko hupimwa damu na kupewa tembe zenye chuma na foliki asidi, za kumeza kila siku hadi atakapojifungua. Wengine huziacha kwa sababu ya kichefuchefu, au wanapoona choo kimekuwa cheusi. Weusi huo ni wa kawaida na hauna madhara. Kichefuchefu hupungua tembe zikimezwa usiku baada ya kula. Likizidi tatizo, mama amweleze muuguzi badala ya kuziacha.

Jikoni, chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi hutoka kwenye maini, nyama na samaki, wakiwemo dagaa. Pojo, kunde, maharagwe na mchicha nazo zina chuma, na mwili huyapokea vizuri zaidi madini yake zikiliwa pamoja na ndimu, embe, pera au chungwa, vitu vinavyopatikana Marikiti, mwendo mfupi kutoka Bondeni. Maji ya biti, yanayosifiwa sana, yana chuma kidogo na hayachukui nafasi ya tembe.

Hakuna anayeombwa kuacha chai. Inatosha kuisogeza, pamoja na kahawa, hadi saa 1 au 2 baada ya chakula, na kutomezea tembe kwa chai.

Nyumbani, familia nzima ilale ndani ya chandarua chenye dawa, na watoto kuanzia mwaka 1 wapewe dawa ya minyoo kila miezi 6. Mwenye dalili zilizotajwa, awe mwanamke, mwanamume au mtoto, afike kituo cha afya kilicho karibu akapimwe.