Oili rahisi inavyozamisha mtaji wa mwenye boti

WAMILIKI wengi wa boti za uvuvi na mizigo, kuanzia Tanga hadi Kilwa na hata Kigoma, huwa makini sana na bei ya dizeli. Oili hununuliwa kwa mazoea: dumu lililo karibu, au ile ya kupimiwa dukani isiyo na lebo. Hapo ndipo mtaji wa miaka mingi huanza kupotea.

Injini ya boti haifanyi kazi kama ya lori. Lori hupanda, hushuka na kusimama. Boti ikishatoka huenda kwa mzunguko mkubwa uleule kwa saa nyingi. Kisha hukaa siku kadhaa kwenye unyevu na chumvi, kama wavuvi wa dagaa wanapopumzika mwezi ukiwa mpevu. Oili yake hulainisha, hupoza, huosha masizi na kuzuia kutu.

Mnunuzi asome dumu kabla ya kulipa. Kwanza aangalie uzito. Katika SAE 15W-40, namba yenye W huonyesha uwezo wa kutiririka kwenye baridi, na 40 huonyesha uzito injini ikishachemka. Kwa joto la pwani, vitabu vingi vya injini za dizeli hukubali 15W-40 au SAE 40.

Pili, atafute herufi za API. C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Daraja la CI-4 lilianza 2002 na CK-4 mwishoni mwa 2016. Kwa kawaida hufaa pia pale kitabu kinapotaka CF-4 au CH-4. FA-4 ni nyepesi, imetengenezwa kwa malori mapya. Oili ya TC-W3 ni ya kuchanganya na petroli kwenye mashine za nje. Isiwekwe kwenye dizeli.

Tatu ni TBN, yaani uwezo wa oili kuua asidi inayotokana na salfa ya mafuta. Tangu 2015, kiwango cha dizeli cha Afrika Mashariki hakiruhusu salfa zaidi ya sehemu 50 kwa milioni. Kwa dizeli hiyo, TBN ya karibu 10 hutosha injini ndogo. Oili ya TBN 30 au 40, hata ikiandikwa kuwa ni ya meli, imekusudiwa vyombo vikubwa vinavyochoma mafuta mazito.

Je, oili bora si ghali? Tuchukue mfano wa injini inayobeba lita 10. Oili hafifu ya Sh8,000 kwa lita, ikibadilishwa kila saa 100, hugharimu Sh800 kwa saa. Oili nzuri ya Sh12,000, ikidumu saa 200 kama kitabu kinavyoruhusu, hugharimu Sh600. Boti inayotembea saa 8 kwa siku 25 humaliza saa 200 kwa mwezi, hivyo mmiliki huokoa Sh40,000, mbali na filta.

Tatizo jingine ni mgawo. Katika vyombo vingi, dizeli, barafu na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya chombo na mabaharia. Injini ikinoki, hasara ni ya mwenye chombo. Akinunua oili peke yake, nahodha hana sababu ya kuitunza. Ikikatwa kwenye mgawo, mabaharia watataka ya bei ya chini. Dawa ni kukubaliana mapema kiasi cha oili kwa kila saa ya safari, kikatwe pamoja na dizeli, na mwenye chombo achague aina. Saa ziandikwe kwenye daftari.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kijiti cha oili kichomolewe. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kiwango kikipanda bila kuongezwa na oili ikinuka mafuta, dizeli inavuja ndani. Katika hali hizo boti isitoke mpaka fundi aione, kwani injini ikizimika katikati ya mkondo, kinachohesabiwa si shilingi tena bali watu waliomo.