Sarafu ya zamani haisuguliwi



Wengi wenu mulisikia habari ya ile feza ya chuma iliyotoka katika shamba la masomo siku ya salongo, na mulituuliza tuliipeleka wapi. Tunaomba kuwaeleza yote, pamoja na kosa letu sisi wakubwa wa kalasi ya sita.

Jembe la mwenzetu mmoja liligonga kitu karibu na tangi la maji. Kilikuwa na pembe sita, rangi ya kijani kabisa, na udongo mweusi umekishika kama ngozi. Mara moja wadogo wakapiga kelele: “Iko ya zamani! Tuisugue tuone!” Na sisi tuliopaswa kuwazuia, njo tulienda kuleta majivu, ndimu na mchanga wa lava. Tulisugua karibu nusu saa. Namba 2 ikaonekana, kisha mwaka 1943, kisha tembo. Tulifurahi sana! Tukaendelea ili ang’ae vizuri, na tembo akaanza kupotea: kwanza masikio, kisha miguu.

Mwalimu wetu wa kemia alipofika alitazama, akanyamaza kidogo, akauliza neno moja tu: “Mulipima fasi ilitoka?” Hatukupima.

Ile ni feza ya franga mbili ya wakati wa Congo Belge. Ilitengenezwa huko Philadelphia, Marekani, juu mwaka 1943 Ubelgiji ulikuwa mikononi mwa Wadachi. Feza kama hizo ziko nyingi bado, basi hasara yetu si kubwa sana. Lakini kuna feza zingine ambazo ukizisugua vile, umefuta habari isiyoandikwa pengine popote. Hizo njo tunataka kuzungumzia.

Fungueni atlasi. Mombasa munaijua kwa jina, sababu bidhaa nyingi za soko la Goma zinapita kule. Shukeni kusini kwa pwani mpaka Tanzania, mutaona kisiwa cha Kilwa. Masultani wa Kilwa walitengeneza feza zao za shaba zamani, mbele ya Wareno kuvamia mji ule mwaka 1505. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinalingana vina kama shairi. Lakini mwaka hawakuandika. Basi mtaalamu anajuaje umri wake? Kwa kutazama tabaka la udongo ambamo imelala, na vigae na vitu vingine vilivyolala pamoja nayo. Ukiing’oa bila kuandika kitu, hata ukiitunza vizuri namna gani, nusu ya habari yake imekwisha kupotea. Kule Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa historia walipata feza ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na zingine chache za dhahabu. Kwa sababu walichimba polepole na kuandika, leo tunajua majina ya watawala ambao tusingewajua.

Sasa, feza iliyoanguka baharini ina taabu nyingine. Sisi tunaoishi juu ya lava hatujui matumbawe. Ni mawe yanayojengwa na vidudu vya baharini. Vidudu hivyo, pamoja na konokono na majani mengine ya maji, vinatoa chokaa katika maji na kuifanya nyumba yao. Feza ikilala chini miaka mingi, chokaa inaifunika pamoja na mchanga na makombe, mpaka inakuwa kama jiwe tu. Shaba peke yake haifunikwi sana, sababu sumu yake inafukuza vidudu. Lakini kama msumari wa chuma uko karibu, kutu yake inashikamanisha vyote pamoja kama simenti.

Mtu akiona jiwe kama hilo anafikiri: nitie ndani ya ndimu ao siki, chokaa iishe. Tulijaribu katika kalasi kwa ganda la yai, ambalo ni chokaa vilevile. Mapovu yalitoka, na kesho yake ganda lilikuwa limelainika. Kumbe dawa iko! Hapo mwalimu alitushika: “Na ile rangi ya kijani juu ya shaba, munafikiri ndimu itaiacha?” Haitaiacha. Na hapa njo kuna siri yenyewe. Feza iliyoliwa na maji ya chumvi, mara nyingi maandishi yake hayako tena katika chuma kigumu. Yamebaki katika lile ganda la kutu. Unafikiri unaondoa uchafu, kumbe unaondoa jina la sultani.

Wataalamu wanafanya namna gani? Kwanza hawaiachi ikauke. Iliyotoka baharini inabaki ndani ya maji, juu ikikauka chumvi iliyo ndani inakuwa fuwele na kuipasua. Kisha wanaiweka katika maji matamu, wanabadilisha tena na tena, pengine miezi mingi, mpaka chumvi itoke. Wanaipiga picha ya eksirei kuona ndani ya jiwe mna nini. Kisha wanabandua chokaa kidogo kidogo kwa kisu chembamba, jicho kwenye darubini. Chumvi ikibaki ndani ya shaba, unga wa kijani hafifu unatokea na kula feza hata ikiwa ndani ya kabati. Mwisho wanaikausha, wanaipaka nta, wanaiweka pakavu.

Kuna mashini ya kutafuta chuma chini ya udongo. Inatuma nguvu ya sumaku kwa waya uliozungushwa; chuma kikiwepo kinajibu, na mashini inalia. Lakini haijui kama ni dinari ao kifuniko cha chupa. Na huku kwetu lava yenyewe ina madini ya chuma, inaweza kulia bila kitu. Tena, Kenya na Tanzania zina sheria juu ya vitu vya kale: huchimbi bila ruhusa.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota feza tisa kisiwani huko kwao. Aliziweka ndani ya kopo mpaka 1979. Zilipochunguzwa, tano zilikuwa za Kilwa! Alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani, na kwa alama ile watu walirudi kutafuta mwaka 2013. Zilifikaje kule, watu wanabishana hata leo.

Neno moja kwa wadogo, na hili si mchezo. Hapa Kibumba kulikuwa kambi kubwa ya wakimbizi mwaka 1994, vita vikapita 1996, tena 2022. Si kila chuma kinachong’aa shambani ni feza. Wale wanaookota vyuma kwa kuuza kwa kilo, tafadhali: ukiona kitu usichokijua, usikiguse, usikitupie jiwe. Weka alama mbali kidogo, rudi kwa njia uliyojia, uite mwalimu. Ni heri watu wakucheke.

Ile feza yetu sasa iko katika biro ya Prefe, ndani ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki, juu plastiki inafunga unyevu. Pamoja nayo kuna kikaratasi: siku ya salongo, shamba la maharagi, karibu na tangi. Kwenye mstari wa “kina” tuliacha wazi. Mwenye jembe anasema sentimetre 20, mwenzake anasema 40.