Gari la paa la turubai: tazama kutu kabla ya injini

Wengi wetu tunaotembea kwa gari tunatembea kwa gari lililotumika. Limeshatembezwa na mwenzetu huko Japani, likapakiwa melini, likashushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Usukani wake uko kulia kama wetu, spea zinapatikana, na mafundi wamelizoea. Hakuna la ajabu hapo.

Lakini mara moja moja, katikati ya magari ya familia, pikapu na mabasi madogo, hujitokeza gari la aina nyingine kabisa. Ni dogo, fupi, la watu wawili tu, na paa lake ni turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo mwenye gari akikaa nalo muda mrefu bila mteja huanza kushusha bei. Hapo ndipo kijana aliyejinyima akaweka akiba husimama, akalizunguka mara 2, akaanza kupiga hesabu. Mazungumzo ya leo ni kwa ajili ya kijana huyo, kabla hajatoa pesa mfukoni.

Tuchukue mfano wa gari moja. Mwezi Februari 1989, katika maonyesho ya magari mjini Chicago, Marekani, kampuni ya Mazda ilionyesha gari la wazi liitwalo MX-5. Wakati ule wengi walidhani magari ya namna hiyo yamekwisha zikwa. Mwaka 1976 kampuni ya Cadillac iliitangaza Eldorado yake kuwa ndiyo ya mwisho ya paa la kukunja kutengenezwa Marekani. Uingereza nayo, iliyosifika kwa magari hayo, ilifunga utengenezaji wa MGB mwaka 1980. Wajapani wakachukua sura na tabia ya magari yale ya Kiingereza, wakayatengenezea gari lisilomsumbua mwenyewe kila asubuhi. Wateja wakaitika. Kufikia Aprili 2016, MX-5 za vizazi vyote zilizokwisha tengenezwa zilikuwa zimefika 1,000,000.

Kizazi cha kwanza kilitengenezwa hadi mwaka 1997. Japani kwenyewe kiliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, kwa hiyo usishtuke ukilikuta jina hilo katika makaratasi. Injini yake ina silinda 4, kwanza ya lita 1.6 na baadaye ikaongezwa ya lita 1.8. Injini hizo ni za ukoo mmoja na zile zilizotumika katika Mazda 323, gari ambalo mafundi wetu wa siku nyingi wanalifahamu. Ndiyo maana mnunuzi hufungua boneti kwanza, akaisikiliza injini, akatabasamu. Na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Katika gari la paa la turubai, injini si jambo la kwanza la kutazama. Jambo la kwanza ni bodi. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko chake, lishike pembe mbili za upinzani, jaribu kulinyonga. Litakataa. Sasa ondoa kifuniko, ulinyonge tena. Litapinda kama kitambaa. Gari la kawaida ni boksi lenye kifuniko: paa na nguzo zake hushirikiana na sakafu kubeba mzigo na kustahimili mashimo ya barabarani. Gari la wazi halina kifuniko. Kazi yote ya paa imehamishiwa chini, kwenye sakafu na hasa kwenye boriti mbili za bati zinazopita chini ya milango, moja kila upande. Hizo ndizo uti wa mgongo wa gari. Zikiwa nzima, gari ni zima. Zikiliwa na kutu, gari litaonekana zima mpaka siku litakapogongwa ubavuni au litakapoingia shimoni kwa kasi.

Nani adui wa boriti hizo? Ni maji. Wengi hudhani maji hupenya kwenye turubai lililochanika. Hupenya, ni kweli, lakini hayo unayaona, nawe utatafuta njia ya kuyazuia. Maji ya hatari ni yale yasiyoonekana. Mvua inaponyesha juu ya turubai la MX-5, maji hutelemka nyuma hadi kwenye mfereji, yakaingia katika mirija miwili iliyofichwa pembeni nyuma ya viti, kisha yakatoka chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Mirija hiyo ikizibwa na vumbi na majani, maji hayana pa kwenda. Hufurika, yakaingia ndani ya gari na ndani ya zile boriti, yakatulia humo. Boriti huanza kuoza kutoka ndani kwenda nje, hasa sehemu ya mwisho iliyo karibu na gurudumu la nyuma. Siku utakapoona kipele cha kutu kwenye rangi, ndani bati limekwisha kuwa unga. Kwa sisi wa pwani, wenye hewa ya chumvi na mvua za masika na vuli, mambo huenda kwa haraka zaidi.

Sasa twende kwenye ukaguzi. Chukua vitu vitatu: sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ili isikwaruze rangi, tochi, na chupa ya maji.

Anza na sumaku. Ipitishe polepole chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Pale inapoacha kunasa, chini ya rangi hakuna bati bali puti. Puti kidogo kwa ajili ya mkwaruzo si dhambi, lakini puti kwenye boriti ni udanganyifu. Niliwahi kusimama katika gereji moja fundi akikagua gari jekundu linalong'aa, mwenye kuliuza akisifu rangi yake. Fundi alibonyeza bisibisi chini ya mlango, nayo ikazama hadi kwenye mpini. Biashara ikaishia hapo. Ila tahadhari moja: kwenye boneti ya MX-5 ya kizazi cha kwanza sumaku haitanasa hata kidogo, kwa sababu boneti hiyo ni ya aluminiamu. Usije ukamgombeza muuzaji bure.

Pili, inua zulia nyuma ya viti na chini ya miguu, ushike kwa mkono. Zulia bichi wakati wa jua kali, au harufu ya ukungu, ni ushahidi tosha. Kisha mimina maji kidogo kidogo kwenye pembe za nyuma ambako turubai hukutana na bodi, mwenzako achungulie chini. Maji yatoke pande zote mbili. Yasipotoka, mirija imeziba, nawe uliza imeziba tangu lini.

Tatu, tazama mwanya kati ya mlango na bodi, ufungue na kuufunga mlango. Kisha gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, mahali palipotengewa jeki, ujaribu tena. Mlango ukianza kukwama, au mwanya wa juu ukafinyika waziwazi, bodi inapinda. Rudisha gari chini, mshukuru mwenyewe, uende zako. Na kamwe usiingize kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Nne, fungua buti. Betri ya gari hili iko huko nyuma, si mbele. Iliyowekwa kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye mrija wa kutoa hewa nje. Wenye haraka huweka betri ya kawaida, mvuke na matone ya tindikali yakala sakafu ya buti. Tazama chini ya betri, si juu yake.

Ukimaliza hayo na ukaridhika, sasa fungua boneti. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hakuna jibu lenye ushahidi, hesabu kwamba utaubadilisha wewe, maana unatakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Tazama tangi la juu la rejeta, ambalo ni la plastiki. Likigeuka kutoka weusi kuwa rangi ya kahawia, limechoka na litapasuka siku yoyote. Kwa magari ya miaka ya mwanzo, kabla ya katikati ya 1991, itazame puli ya mbele ya injini wakati injini inaunguruma. Ikiyumba, huenda krankishafti imeharibika mbele, na hiyo ni kazi kubwa. Sauti ya tik-tik kutoka juu ya injini isikutishe sana, kwani mara nyingi hupungua kwa kubadilisha oili. Klachi ikizama hadi chini, mara nyingi ni silinda ndogo ya klachi inayovuja, nayo si ya bei kubwa.

Tofauti ni hii: karibu kila kitu chini ya boneti hufunguliwa kwa spana na kubadilishwa. Boriti iliyooza haifunguliwi. Hukatwa, ikachomelewa upya na fundi anayejua kazi, gari likiwa limeegemezwa vizuri lisipinde, betri ikiwa imefunguliwa, na kwa uangalifu mkubwa kwa sababu tangi la petroli liko nyuma ya viti. Kazi hiyo yaweza kuzidi bei uliyonunulia gari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ndio gari.

Nazo pesa zigawe hivi. Kila shilingi 100 ulizo nazo, nunulia gari 60, na 40 zikae kwa matengenezo. Usikubali kutoa 95 ukabaki na 5 za petroli. Kisha fuata utaratibu: kwanza breki, matairi na usukani, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyolinda roho. Pili, safisha mirija ya maji na tibu kutu changa. Tatu, mkanda, rejeta na oili. Nne, turubai. Mafundi wetu wanaoshona viti vya magari wanaweza kukushonea turubai zuri ukiwapa la zamani kuwa kipimo. Dirisha lake la nyuma ni plastiki yenye zipu. Lifungue zipu na kulilaza kabla ya kukunja paa, la sivyo litapasuka. Rangi iwe ya mwisho. Anayeanza na rangi anamvisha mgonjwa suti.

Yapo na mambo ya sheria. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi, na jina la mwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia au aliyempa idhini ya maandishi. Ukitaka kuagiza mwenyewe, fahamu kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Tanzania inaruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kwa hiyo MX-5 ya mwaka 1992 iliyo nafuu mnadani Japani si lazima iwe nafuu ikifika kwako.

Mwisho, jiulize swali la nyumbani. Gari hili lina viti viwili tu, liko chini, nayo matuta yetu hayana huruma. Likipinduka, turubai halikulindi. Mwenye watoto watatu wa kupeleka shule na gari moja tu la kutegemea, hili si lake kwa sasa. Lakini aliye na nafasi, akalipenda, na akalikagua kama tulivyoeleza, hajafanya upuuzi. Amenunua gari jepesi, rahisi kutengeneza, linalompa upepo wa jioni. Bei iliyoandikwa kwenye kioo ni neno la muuzaji. Bei ya kweli iko chini ya milango, na kuijua kunahitaji sumaku na nusu saa.

Kwa leo tukomee hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.